Lengalenga Kitabuni Kabla ya Sahanini

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukataa sombe (majani ya muhogo) kila jioni kwa miezi kadhaa na nyumba nzima isijue. Sahani ni moja, mikono ni mingi. Yeye anamega bugali, anaugusisha mchuzi kwa ncha tu, anameza. Kaka na dada zake wanamaliza majani na ndagala, wale samaki wadogo, na sahani inarudi jikoni safi. Mama akiulizwa atajibu kwamba mtoto wake anakula vizuri, wala hasemi uongo, kwa kuwa tumbo limejaa. Limejaa muhogo. Ndiyo maana anayesema kwamba Mutarule na vijiji vya jirani, kuelekea Sange na Luberizi, hakuna mtoto mchaguzi kwa sababu njaa haichagui, nusu ya jambo imempita. Njaa na kuchagua hukaa pamoja katika mwili mmoja. Mtoto hukataa asichokizoea, kisha huziba pengo kwa kile kilicho kingi, na kilicho kingi katika bonde la Ruzizi, hapa Kivu Kusini, ni bugali.

Hasara yake si ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013–2014 ulikuta kwamba nchini Kongo watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na katika Kivu Kusini walikuwa zaidi ya nusu. Sababu ni nyingi na nzito: vita, malaria, maji machafu, mashamba yaliyokimbiwa. Kitabu cha watoto hakitaondoa hata moja kati ya hizo, na mwongozo huu haudai hivyo. Lakini ipo hasara nyingine, ile ya mboga iliyokwisha kulimwa, kununuliwa na kupikwa, ikafika hadi mbele ya mtoto, ikashindwa kuingia mdomoni. Hiyo inaweza kurekebishwa nyumbani, kwa karatasi mbili, kipande cha makaa na dakika kumi kila mchana.

Kwa nini picha isaidie

Kuanzia karibu miaka miwili mtoto huingia katika kipindi cha kuogopa chakula kigeni, na woga huo huendelea hadi miaka mitano au sita. Si kiburi, wala si malezi mabaya. Mtoto ameanza kutembea na kuokota vitu peke yake, kwa hiyo mwili unamlinda kwa kumfanya ashuku kila asichokijua. Hukumu huipitisha kwa macho kabla ya ulimi: jani jeusi lililolegea kwenye mchuzi linakataliwa kabla halijaonjwa. Dawa yake ni mazoea. Watafiti wa lishe ya watoto wamekuta tena na tena kwamba chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nyingi, pengine mara kumi au zaidi, kabla mtoto hajakikubali. Hapo ndipo mzazi mwenye pesa na asiye na pesa wanapoachana. Wa kwanza anaweza kupika karoti mara kumi na kutupa mara tisa. Mama anayenunua fungu moja la mboga kwa siku hawezi, na ana haki ya kutojaribu.

Kurasa za kitabu hubeba sehemu ya zile mara kumi bila kugharimu chakula. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wakiongozwa na Philippa Heath na Carmel Houston-Price, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa karibu miaka miwili. Wazazi walitazama na watoto wao kitabu cha picha kuhusu mboga moja, kila siku kwa wiki mbili, kisha watoto wakapewa mboga hiyo waonje. Waliotazama kitabu walikuwa tayari zaidi kuionja, na nguvu ya kitabu ilionekana zaidi pale mboga ilipokuwa ngeni kabisa, si ile mtoto aliyokwisha kuichukia. Jambo hilo la mwisho lishike, kwa sababu linaamua uanze na mboga gani.

Mwaka huo huo, nchini Uholanzi, Simone de Droog na wenzake waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi yenye karoti kwa siku tano mfululizo. Kusoma kulikokuwa na maswali na majibu, mtoto akishiriki, kulizaa ulaji mkubwa wa karoti kuliko kumkalisha asikilize tu. Kwa hiyo kazi haifanywi na karatasi peke yake. Inafanywa na mazungumzo yanayopita juu ya karatasi.

Kitabu gani?

Vitabu maarufu duniani kuhusu mtoto mchaguzi vina umbo moja. Kuna mhusika anayekataa, mwingine anayembembeleza, mabishano ya kuchekesha kurasa nyingi, na mwishoni anaonja na kupenda. Ndivyo kilivyo Green Eggs and Ham cha Dr. Seuss cha mwaka 1960, na ndivyo kilivyo kitabu cha Lauren Child cha mwaka 2000 kuhusu msichana asiyetaka kamwe kula nyanya. Kama fasihi ni kazi nzuri mno. Kama chombo cha kumfikisha mtoto wa Mutarule kwenye lengalenga (mchicha) vina kasoro mbili. Ya kwanza ni wazi: vyakula vyenyewe si vyetu. Ya pili haionekani upesi, nayo ndiyo kubwa: kurasa nyingi ni za kukataa. Mtoto mdogo huiga kinachorudiwa, na kinachorudiwa humo ni uso uliokunjwa na neno “sitaki”. Katika jaribio la Reading vitabu havikuwa na mtoto mkaidi hata mmoja. Vilionyesha mboga yenyewe, tangu inapoota hadi inapoliwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994 na kuwekwa kati ya Waluo wa magharibi mwa Kenya. Msichana anambebea rafiki yake matunda saba ndani ya kikapu, na njiani wanyama wanayachukua moja moja. Hakuna anayehubiri lishe. Tunda linatajwa, linaonekana, linatamaniwa na mnyama, basi. Ukitafuta vitabu vya bure vya Kiswahili, mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, unavyo vingi vya kupakua kwa simu, na leseni yake inaruhusu kuchapisha na kubadilisha maneno. Tumia umbo la Handa kama kipimo: chagua kinachoonyesha chakula, acha kinachocheza na ukaidi. Hata hivyo kitabu kitakachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kile utakachokitengeneza mwenyewe, kwa sababu jani lililo kitabuni ndilo litakalokuwa chunguni jioni.

Watakaopinga wapo. Kuna atakayesema kwamba wazee wetu walilea kwa hadithi za mdomo, sungura na fisi kando ya moto, na kitabu ni mambo ya kuiga. Hadithi isimulie, tena sana. Mtoto aliyezoea kusikiliza ndiye atakayekaa kwenye kitabu. Ila woga huu unakaa machoni, na sauti haiwezi kumwonyesha mtoto rangi ya shina. Mwingine atasema hajui kusoma. Kitabu hiki hakihitaji mtu anayejua kusoma. Kinahitaji mtu anayejua lengalenga, na bibi ambaye hajawahi kuingia darasani anaijua kuliko mwalimu. Asimulie picha kwa Kifuliiru, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote ya nyumba hiyo. Mtoto ataoanisha mwenyewe.

Kabla ya kuanza

| Usianze na kitabu. Nenda kituo cha afya, au mwite reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, ikiwa: |
|---|
| ☐ utepe wa kupimia mkono (miezi 6 hadi miaka 5) unaonyesha nyekundu, yaani chini ya milimita 115, au njano, kuanzia 115 hadi chini ya 125 |
| ☐ miguu yote miwili imevimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki |
| ☐ ana homa, anahara, anatapika, au ana vidonda mdomoni |
| ☐ alikuwa anakula kila kitu na ameacha ghafla |
| ☐ hajafikisha miezi 6. Huyo anahitaji titi la mama peke yake |

Uvimbe wa miguu ndio dalili ya ule ugonjwa tunaouita bwaki, jina linalojulikana sana hivi kwamba Bukavu kuna shirika la siku nyingi lililolichukua, Comité Anti-Bwaki. Mtoto mwenye bwaki mara nyingi hukosa hamu ya kula kabisa, na mzazi anaweza kudhani anadeka. Usibahatishe hapo, kila siku ina thamani. Vivyo hivyo, mtoto aliyeacha kula baada ya kukimbia milio ya risasi au kuhamia kwa watu asiowajua hachagui chakula. Mutarule, kijiji kilichoshambuliwa usiku mmoja wa Juni 2014 kikazika watu zaidi ya 30, hakihitaji kufundishwa hilo. Mtoto wa namna hiyo mpe chakula anachokijua, mkono anaoujua na muda. Kitabu kitangoja.

Kutengeneza: kurasa nane za lengalenga

Chagua chakula kimoja tu. Kiwe kinapatikana jirani karibu kila wiki, kiwe kipya au nusu-kipya kwa mtoto, kisiwe kile alichokitema mara ishirini. Lengalenga ni mwanzo mzuri: huota haraka, huvunwa ndani ya mwezi hivi tangu kupandwa, na mtoto anaweza kuiona ikikua. Ikipikwa kwa mawese inakuwa bora zaidi, kwa kuwa mafuta husaidia mwili kuchukua vitamini A, nayo mawese yenyewe mekundu yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo.

1. Chukua karatasi mbili za ukubwa wa kawaida wa ofisi, au kurasa mbili pana kutoka katikati ya kaye (daftari). Zikunje pamoja katikati na ushone mkunjo kwa sindano na uzi, mishono mitatu. Una kurasa nane.

2. Chuma jani pana la lengalenga. Lilaze juu ya ubao, upande wa mishipa ukiangalia juu. Weka ukurasa wa kwanza juu yake, ushike karatasi isisogee, kisha sugua taratibu kwa ubavu wa kipande cha makaa au kalamu ya rangi. Usibonyeze kwa ncha. Mshipa wa katikati utatokea kwanza, kisha ile midogo itokayo pembeni kama njia za panya, na mwisho ukingo wa jani. Hilo ndilo jalada, na hakuna mchoraji wa Kinshasa atakayekupa jani la kweli zaidi. Mwache mtoto asugue ukurasa mmoja yeye mwenyewe, hata akichafua.

3. Jaza kurasa zilizobaki kwa mpangilio wa maisha ya mboga. Picha moja kwa ukurasa, sentensi moja au mbili chini yake.

Ukurasa wa 2: nukta nyeusi kwenye kiganja. *Hii ni mbegu. Ni ndogo kuliko jicho la ndagala.*
Ukurasa wa 3: tuta na ndoo. *Tunaimwagia maji asubuhi. Inakunywa.*
Ukurasa wa 4: jani lingine lililosuguliwa, kubwa. *Gusa mshipa huu. Unakwenda wapi?*
Ukurasa wa 5: fungu lililofungwa. *Mama amechuma fungu moja. Nani atalibeba?*
Ukurasa wa 6: chungu na mvuke. *Yalikuwa majani mengi. Sasa yako wapi?*
Ukurasa wa 7: sahani. *Bugali mweupe. Lengalenga ya kijani. Mawese mekundu.*
Ukurasa wa 8: mtupu. Chora mzunguko wa mkono wa mtoto. *Huu ni mkono wangu.*

4. Pakaa mkunjo, kwa nje, gundi ya unga wa muhogo uliopikwa na maji hadi uvutike, kisha bandika ukanda wa karto la sabuni juu yake. Kikauke juani. Mfuko wa plastiki safi utakilinda na mvua.

Angalia kwamba hakuna mahali kitabu kinaposema mboga “inaleta nguvu” au “ni tamu sana”. Hilo limeachwa kwa makusudi. Mtoto wa miaka mitatu akisikia chakula kinasifiwa mno hushuku, na akionja akakuta si kitamu kama alivyoahidiwa, umepoteza mboga na umepoteza neno lako. Ukurasa wa mwisho nao hauonyeshi mtoto akila. Unaacha nafasi.

Kukitumia: wiki mbili

Soma mchana, mbali na chakula. Hili ni sharti ambalo wengi watalivunja, kwa kuwa kishawishi ni kikubwa kukileta kitabu jioni mtoto anapokunja uso na kumwambia, “Unaona, lengalenga ile!” Siku hiyo kitabu kinageuka kuwa fimbo, na mtoto atakikimbia pamoja na mboga. Mpakate, mwachie afungue kurasa mwenyewe hata kinyume, na uliza zaidi ya unavyosoma: majani mangapi, lipi kubwa, nani aliyemwaga maji. Dakika kumi zinatosha. Kila siku, kwa siku kumi na nne.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne toka kitabuni uende shambani au sokoni. Mpe mtoto jani la kweli alilinganishe na lile la makaa. Mwache aoshe majani, avunje vishina, abebe fungu. Onyo: usifanye mchezo huu kwa majani ya muhogo. Sombe mbichi ina sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kupikwa muda mrefu, na mtoto aliyefundishwa kwamba jani la kitabuni linaliwa ataliweka mdomoni. Kitabu cha sombe kianze na kinu, si na shamba.

Sahani sasa. Katika wiki hizi mbili mpe mtoto sahani yake ndogo, hata kama wengine wanakula pamoja. Kuna watakaosema hilo linavunja desturi ya kula pamoja, na desturi hiyo ni njema kweli. Basi mkalishe kwenye mkeka ule ule, katikati ya wenzake, ila sahani iwe yake, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuona kilichoingia na kilichobaki. Weka lengalenga kiasi cha kidole gumba kando ya bugali. Kula ya kwako mbele yake. Akionja, usipige makofi. Akiacha, usiseme neno. Kesho weka tena.

Wanaoamini fimbo watauliza kama huku si kumdekeza. Tazama kinachotokea mtoto anapolazimishwa: anameza leo kwa hofu, na kesho hofu hiyo inanuka lengalenga. Kumziba pua na kummiminia uji ni kubaya zaidi, kwani uji unaweza kuingia mapafuni na kumuua. Zawadi nayo ina mtego wake. Ukimwambia “maliza mboga nikupe kipande cha muwa”, umemwambia mwenyewe ni kipi kizuri na kipi ni adhabu. Wewe uamue kinachopikwa na saa ya kula. Yeye aamue kiasi atakachoweka mdomoni. Huo ndio mpaka, na mtoto anayejua kwamba hautavukwa hupunguza vita.

Baada ya siku kumi na nne huenda anakula vijiko viwili, huenda ameonja mara moja akatema. Kutema nako ni kuonja, kunahesabika. Endelea kuweka kile kiasi cha kidole gumba kwa wiki nyingine tatu au nne hata kama kitabu kimechoka. Kama hajagusa kabisa, acha mwezi mmoja, anza na chakula kingine, urudi.

Kitabu cha pili: ndagala

Hapa tafuta kwanza sababu ya kukataa, kwa kuwa mara nyingine mtoto ana haki. Ndagala nyingi za ziwa letu, Tanganyika, huanikwa juu ya mchanga wa ufuko, na mchanga unakuja nazo hadi kwenye meno. Zikaushe kidogo kikaangoni bila mafuta, uzitikise ndani ya ungo, kisha uzioshe kwa maji ya moto mara mbili na kuyaacha maji yatulie ili uone mchanga ulio chini ya bakuli. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili zitwange ziwe unga laini na uutie kwenye uji au mchuzi. Mifupa yake ikisagika ndiyo faida.

Kitabu chenyewe ni chepesi. Laza ndagala mmoja mkavu juu ya ukurasa, mzungushe kwa kalamu, umwondoe. Ukurasa unaofuata wazungushe watatu, kisha kundi zima, kisha mtumbwi na taa zake usiku, maana wavuvi wa Uvira huwavuta kwa mwanga. Mwambie mtoto kwamba samaki hawa ni wasafiri: mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika Ziwa Kivu, na huko Bukavu na Goma watoto wanawaita sambaza. Mwisho mchore mmoja peke yake, akijaza ukurasa wote, na jicho lake duara kama lilivyo. Wapo watoto wanaokwama kwenye jicho hilo. Wape kalamu walipake rangi wenyewe, na jioni, kwa siku za kwanza, toa vichwa kabla hujapika.